Intaneti ya Shilingi Elfu Sita

Mama yule aliingia saibani kwangu, duka langu la kompyuta na intaneti, saa tano asubuhi, yeye na mwanawe, wameshika bahasha ya kaki yenye vyeti. Kijana alikuwa amepata kazi Qatar, na pasipoti ilitakiwa iombwe upesi kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kazi hiyo nimeifanya mara nyingi. Mtu akija na karatasi zote, dakika 25 zinatosha. Siku hiyo kila ukurasa ulikuwa unajivuta. Picha ya kitambulisho tuliipakia mara tatu. Tulipofika kwenye malipo, pesa zikatoka kwenye M-Pesa ya mama, ukurasa ukaganda, fomu ikabaki inasema haijalipiwa. Tukangoja. Adhana ya adhuhuri ikapita. Fomu ilipokubali, saa ya kompyuta ilikuwa imefika dakika 96.

"Ngapi, mwanangu?" akaniuliza.

"Tisini na sita, bi."

Akafungua fundo la leso, akahesabu, akanipa. Hakunung'unika hata kidogo, nami nikapokea.

Ilikuwa Novemba 2023. Kwangu dakika moja ni shilingi moja. Kazi ya mama yule ilikuwa ya shilingi 25. Zile 71 za ziada zilikuwa bei ya uzito wa mtandao, na aliyezilipa ni mtu asiye na mkataba wowote na kampuni ya intaneti. Aliyetia sahihi mkataba ni mimi. Usiku ule nililala na hesabu hiyo kichwani, na hapo ndipo safari yangu ya kudai ilipoanza, ingawa sikujua bado inaanzia wapi.

Saiba yangu iko Kibokoni, Mji wa Kale, chumba cha chini cha nyumba ya ghorofa mbili, kompyuta sita na mashine moja ya kuchapa. Tangu 2021 nalipa shilingi 6,000 kwa mwezi kwa intaneti ya faiba, megabiti 20 kwa sekunde, kodi zikiwemo. Kampuni sitaitaja. Mtaani kwetu ilikuwa peke yake, na sababu zake zinaeleweka. Mji wa Kale ni eneo lililohifadhiwa kisheria, huwezi kutoboa ukuta na kupitisha nyaya upendavyo. Mwenye nyumba naye alikuwa amekubaliana na kampuni moja tu, na wapangaji wake wote tukawa wa kampuni hiyo.

Sisi watu wa Mombasa tuna uchungu wetu wa peke yetu katika jambo hili. Nyaya zinazoiletea nchi intaneti zinaibuka kutoka baharini hapa hapa kwetu. Juni 2009 Rais Kibaki alikuja kuupokea waya wa TEAMS uliotandazwa kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu. Mwezi uliofuata SEACOM ikaanza kazi, na 2010 ikafuata EASSy. Kabla ya hapo nchi ilitegemea setilaiti, na tuliambiwa sasa bei itashuka. Tena nakumbuka Februari 2012, meli iliyokuwa ikingoja nafasi bandarini ilipotia nanga mahali pasiporuhusiwa ikaukata TEAMS, intaneti ikadhoofika Kenya na kwa majirani zetu. Mji ambao nanga yake inaweza kudhoofisha mtandao wa nchi kadhaa, vipi mkaazi wake akose kufungua fomu ya pasipoti kwa nusu saa?

Swali hilo tulikuwa tukiulizana barazani kila jioni, kahawa mkononi. Kila mtu alikuwa na lake. Ustadhi wa madrasa anasomesha Kurani watoto wa ndugu zetu walio Uingereza na Kanada, na sauti hukatika katikati ya aya, mtoto akabaki hajui amekosea au amepatia. Dada mshonaji huonyesha mabuibui yake kwa picha, na mteja wa Lamu hawezi kungoja picha moja robo saa. Tulisema sana. Siku moja mzee mmoja aliyestaafu Posta na Simu, ambaye kwa kawaida hunywa kahawa yake kimya, akanigeukia.

"Mwanangu, haya ni maneno ya baraza, kahawa ikiisha nayo yameisha. Umewapigia?"

"Mara kumi na moja, mzee."

"Wamekupa nambari ya malalamiko?"

Sikuwa nayo. Sikujua hata kwamba nambari huombwa. Kila nilipopiga, sauti ya heshima iliniambia nizime ruta, nihesabu hadi thelathini, niiwashe, na shukrani kwa uvumilivu wangu. Kwa kumbukumbu zao huenda sikuwahi kulalamika hata mara moja.

Mzee alijua anachosema. Alikuwepo kazini 1999, shirika lilipogawanywa: Telkom huku, Posta kule, na tume ya kusimamia mawasiliano ikasimama mbali nao wote. Tume hiyo ndiyo leo Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Aliniambia msimamizi wa aina hiyo hasikilizi hasira, anasoma karatasi. Nami sina karatasi.

Nikanunua daftari la kurasa 96 Barabara ya Digo. Nikaanza kupima kasi mara tatu kwa siku: saa tatu asubuhi, saa nane mchana, saa mbili usiku. Wiki mbili nikajaza kurasa. Megabiti tano, nne, sita, tatu. Nikapiga simu, safari hii nikadai nambari, nikapewa, nikaiandika kwa wino mwekundu. Fundi akaja baada ya siku nne.

Alichofanya kilinifunza zaidi ya wiki zote mbili. Hakuangalia daftari langu. Alichomoa waya mfupi mkobani, akaunganisha kompyuta yake moja kwa moja na ruta, akapima. Megabiti 17. Kisha akaenda chumba cha nyuma, zilipo kompyuta zangu nne, akapima kwa waifai. Megabiti nne.

"Dada, laini ni nzima," akasema. "Shida yako ni ukuta huu."

Alikuwa na haki. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wangu wa katikati una unene wa karibu dhiraa nzima. Unatupa baridi wakati wa kaskazi, lakini mawimbi ya waifai yanafia humo. Kurasa zangu zote za daftari zilikuwa zimepima ukuta. Nilimlipisha mama wa pasipoti uzito ambao sehemu yake ulikuwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na hilo liliniuma kuliko jambo lolote katika habari hii.

Nikatoboa tundu moja dogo juu ya mlango, mahali ambapo mbao imekutana na jiwe, nikapitisha waya hadi kila kompyuta. Kurasa za asubuhi zikaanza kufunguka vizuri. Pia nikabandika karatasi ukutani: MTANDAO UKIKWAMA, SAA INASIMAMA. Kuanzia siku hiyo dakika za kungoja nilizibeba mimi, nikaziandika kwenye safu yake peke yake. Shilingi 71 za mama yule nimezitia kwenye bahasha ndani ya droo. Sijamwona tena, lakini akipita atazikuta.

Daftari nikalianza upya kwa kupima kwa waya tu, kompyuta nyingine zote zikiwa zimezimwa. Na hapo ukweli ukajitenga. Asubuhi megabiti 17 au 18. Mchana 14. Saa mbili usiku megabiti tatu na nusu, na kila usiku ikawa hivyo, wiki ya kwanza hadi ya tano. Januari ilipofika na matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, kutoka, vijana walijaa kwangu hadi saa tatu usiku, na safu ya dakika za kungoja ikarefuka.

Kuna jambo hapa ambalo wateja wengi hawaambiwi, nami nalieleza kila ninapopata nafasi. Kampuni huuza kasi kwa megabiti, lakini ukubwa wa faili unaouona kwenye kompyuta yako ni wa megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Megabiti 20 kwa sekunde, hata ikija yote, ni megabaiti mbili na nusu tu kwa sekunde. Nilikutana na majirani waliokuwa tayari kushtaki kwa sababu faili ya megabaiti 20 haikushuka kwa sekunde moja. Hawakuwa wameibiwa, hawakuwa wameelezwa. Wangepeleka lalamiko hilo, lingeanguka, na la kweli lingeanguka pamoja nalo.

La kweli lilikuwa saa mbili usiku, na juu yake neno moja kwenye mkataba: "hadi". Kasi ya hadi megabiti 20. Nililisaini neno hilo bila kulitazama. Kwa neno hilo, megabiti tatu na nusu ni ndani ya ahadi, na hata nusu megabiti ni ndani ya ahadi. Niliposomewa hivyo kwa simu nilikaribia kuacha.

Mzee hakuniacha niache. Alinisomea ibara ya 46 ya Katiba, polepole, kama anayesoma barua ya mwanawe: mnunuzi ana haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya kupewa habari zinazomwezesha kufaidika nazo, na haki ya kufidiwa anapopata hasara kwa kasoro zake. Akaniambia pia kwamba kanuni za 2010 za kuwalinda watumiaji wa huduma za mawasiliano zinaitaka kila kampuni iwe na utaratibu wa kupokea malalamiko, na kwamba mteja huanza kwa kampuni yake. Asiporidhika ndipo hupanda kwa Mamlaka. Watu wengi huruka ngazi ya kwanza, wakarudishwa chini.

Tulikuwa wateja kumi na mmoja kwenye kichochoro. Tisa tulipima, kila mmoja kwake, saa mbili usiku, siku kumi mfululizo. Wawili hawakutaka kutia jina. Dada mshonaji alikuwa mmoja wao. Aliogopa laini yake itakatwa na biashara yake yote imo humo, nami sikumlaumu. Barua tuliiandika nyumbani kwa Ustadhi. Kijana mmoja alitaka tuanze kwa kuwaita wezi. Ustadhi akamzuia kwa upole: "Mwanangu, andikeni mlichokiona. Mnachokidhani kiacheni." Ikawa barua ya ukurasa mmoja, na nyuma yake jedwali la vipimo 90, nakala za bili, na nambari za malalamiko za kila mtu.

Kampuni ilijibu baada ya majuma matatu kwa ujumbe mmoja uliotumwa kwa wote tisa. Izime ruta, hesabu hadi thelathini.

Machi 2024 mimi na mzee tukaenda ofisi ya Pwani ya Mamlaka ya Mawasiliano na faili letu. Nilikuwa nimejiandaa kusema sana, haikuhitajika. Ofisa aliyetupokea alianza kwa jedwali, akafuata kwa daftari, barua akaisoma mwisho. Kisha akaigawa hoja yetu mara mbili. Kasi ya usiku, barua isiyojibiwa sawasawa, na bili isiyoonyesha kodi, hayo aliyachukua. Lakini sentensi yetu ya kuomba bei ipunguzwe aliitia alama ya penseli pembeni.

Alitueleza kwa subira. Mwezi ule ule Mamlaka ilikuwa imeshusha malipo ambayo kampuni za simu hulipana wateja wao wanapopigiana, kutoka senti 58 hadi senti 41 kwa dakika. Malipo ya kampuni kwa kampuni hupangwa hivyo. Bei ya kampuni kwa mteja wa intaneti huachiwa ushindani.

"Ushindani upi, bwana, kwenye kichochoro cha kampuni moja?" mzee akauliza.

Ofisa akasema hilo tuliandike nalo, peke yake, kama hoja ya wapangaji kunyimwa uchaguzi. Tukaandika pale pale kaunta.

Nilitoka nikiwa na mawazo mazito. Tangu mwanzo kilio changu kilikuwa bei, na ndicho kilio cha kila mtu barazani: intaneti ni ghali. Sasa naelewa kwamba neno "ghali" halina mpini wa kulishikia ofisini. Ukisema ghali, utaulizwa ghali kuliko nini. Ukisema nimelipia 20 na nimepewa tatu na nusu usiku 50 mfululizo, na vipimo ni hivi, mtu ana pa kuanzia. Na kusema kweli ni ughali ule ule. Megabiti 20 kwa shilingi 6,000 ni shilingi 300 kwa kila megabiti moja. Tatu na nusu kwa 6,000 ni zaidi ya shilingi 1,700.

Aprili fundi mwingine akaja, mkubwa zaidi, akiwa na kifaa cha kupimia mwanga ndani ya faiba. Alipanda hadi kwenye kisanduku kilichoko nguzoni mwanzo wa kichochoro. Uzi mmoja wa faiba ukifika hapo hugawanywa kwa nyumba nyingi, 32 au hata 64. Hilo ni la kawaida na si kosa. Kosa ni kwamba wetu ulikuwa umebebeshwa wateja wengi kupita uwezo uliotengewa, na usiku, wote wakiwa nyumbani wanatazama video, kila mmoja anabaki na tone. Walituhamishia uzi mwingine. Usiku ule, saa mbili, nilipima megabiti 16. Nilipima tena, nikampigia Ustadhi apime, akanijibu kwa takbiri.

Kila mmoja wetu tisa alirudishiwa mwezi mmoja. Safu yangu ya dakika za kungoja, tangu nilipobandika karatasi ukutani, ilikuwa imefika 3,870. Kwa hiyo upande wangu shilingi 6,000 zilifunika hasara hiyo na kubaki. Wale wawili waliokataa kutia jina walipata kasi kama sisi, bila ya fidia. Dada mshonaji alikuja kunisalimu na kitambaa cha meza. Hatukuongea habari hizo.

Kisha Jumapili ya Mei 12 mtandao ukaanguka nchi nzima. Baraza likawaka: wametulipizia kwa kushtaki! Watu wawili walikuja kwangu na barua tayari mkononi. Nilifungua daftari nikawaonyesha: kupungua kulianza mchana, na kwa kampuni nyingine pia, na majirani wa mitaa mingine nao walikuwa hivyo hivyo. Baadaye ikatangazwa kwamba EASSy na SEACOM zilikuwa zimekatika baharini upande wa Afrika Kusini. Barua zile tuliziweka. Ningekuwa sina kurasa za wiki zilizotangulia, huenda mimi ndiye ningekuwa wa kwanza kuandika, na ofisi ile ingekuwa na haki ya kutotuamini tena.

Juni ikaja bili ya kwanza iliyopambanuliwa, kama tulivyoomba. Tuliisoma barazani kwa zamu. Huduma yenyewe shilingi 4,497.75. Ushuru wa bidhaa, asilimia 15, shilingi 674.66. Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16 juu ya hayo yote, shilingi 827.59. Jumla 6,000. Yaani zaidi ya shilingi 1,500 za kila bili yangu haziendi kwa kampuni hata kidogo, na miaka yote nilikuwa nikiitupia kampuni lawama ya shilingi 6,000 nzima.

Mzee alikaa na bili ile muda mrefu kuliko wote. Akaomba penseli.

"Mwaka 2022 ulikuwa ukilipa ngapi?"

"Elfu sita, mzee. Haijabadilika."

"Na ushuru wakati huo ulikuwa asilimia 20. Sheria ya Fedha ya 2023 ndiyo iliyorudisha 15." Akapiga hesabu ukingoni mwa bili, akairudia, akanisogezea. Kwa ushuru wa 20, ndani ya 6,000 huduma ilikuwa shilingi 4,310.34. Sasa ni 4,497.75. Ushuru uliposhuka, bei ya huduma ilipanda kwa shilingi 187.41, jumla ikabaki vile vile, na hakuna aliyetuambia. Kama nafuu ingetufikia, ningekuwa nalipa shilingi 5,750.

Hakuna aliyepandisha sauti barazani. Ustadhi aliuliza tu kama tutaandika usiku ule au tungoje kesho. Tuliandika usiku ule. Safari hii hatukuomba bei ishuke. Tuliuliza kampuni ilipandisha lini bei ya huduma yake, na ni kwa tangazo gani lililotufikia sisi wateja. Walitia sahihi kumi na mmoja. Nambari ya malalamiko iko ukurasa wa 61 wa daftari, kwa wino mwekundu, na mbele yake nimeacha nafasi ya tarehe watakayojibu.